Kuhukumu Picha za Sinema

Ukiwauliza Wakristo wa Meru na Embu maoni yao juu ya picha za sinema, aghalabu utapewa moja ya majibu mawili. Jibu la kwanza ni kwamba sinema ni mlango wa uchafu, na mtu aliyeokoka hana kazi nayo. Jibu la pili, ambalo vijana hulitoa kwa sauti ya chini wazee wakiwa karibu, ni kwamba sinema ni mchezo tu. Hupita kama moshi, wala haimdhuru mtu mwenye akili zake. Majibu hayo yaonekana kupingana kama usiku na mchana. Lakini yatazame vizuri, msomaji, nawe utaona kwamba yametoka katika shina moja: yule anayekataa na yule anayeruhusu, wote wawili hawajaitazama picha yenyewe. Mmoja ameyafumba macho. Mwingine ameyafumbua macho, akaifumba akili.

Iko njia ya tatu, nayo ni ngumu zaidi: kuitazama picha, kuipima, ndipo kuhukumu. Njia hiyo yatupasa kujifunza upesi, kwa sababu siku hizi hatuiendei sinema. Yenyewe ndiyo hutujia. Huingia mfukoni kwa simu na sebuleni kwa televisheni. Hukaa katika kibanda cha video kando ya soko, ambapo picha ya Kihindi au ya Kimarekani husimuliwa juu kwa juu kwa Kiswahili na watu kama DJ Afro, hata pengine msimulizi akawachekesha watu kuliko waigizaji wenyewe. Kumwambia kijana wa Maua au wa Runyenjes asiende sinema ni kumwonya asivuke mto ambao maji yake yamekwisha kufika mlangoni.

Wako wanaodhani kwamba sinema iliingia Afrika Mashariki kwa kupita nyuma ya kanisa. Sivyo. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, nchi ya Tanganyika, ilianzishwa kazi ya kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika, nayo ilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Kabla kazi hiyo haijakoma mwaka 1937 zilitengenezwa picha 35: juu ya malaria ya watoto wachanga, juu ya safura, kodi, ngozi, majani ya chai, na faida za kuweka akiba posta. Picha hizo zilichukuliwa kwa lori zikaonyeshwa katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitoka katika sahani za gramafoni zilizopigwa pamoja na picha. Basi wamisheni wale wale waliowakataza waumini wao kucheza ngoma ndio waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutandika shuka jeupe na kuwasha taa ya sinema katika nchi hizi.

Nia yao ilikuwa njema, na mtu aliyepona safura hana sababu ya kuwadharau. Walakini kazi ya namna ile ilikuwa na kasoro iliyodumu kuliko filamu zenyewe, nayo ni kumdhania mtazamaji kuwa mtoto. William Sellers, aliyekuwa kiongozi wa Idara ya Filamu za Makoloni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1939, alifundisha kwamba picha za kuonyeshwa Waafrika yafaa ziende polepole, zisiruke kutoka mahali hata mahali, wala zisiwe na hila za kamera, maana mtazamaji atachanganyikiwa. Fikiri jambo hilo lilivyosikika katika nchi ya Njuri Ncheke, ambayo wazee wake waliweza kusikiliza shauri moja la shamba kwa siku nyingi, mashahidi wakipingana, bila kuandika hata herufi moja, kisha wakalikata! Nasema hili kwa kuwa dhana ile haijafa. Mtu anapowakataza wanafunzi wa kidato cha nne kuzungumza juu ya picha ambayo wote wamekwisha kuiona, naye hajaiona, amemrithi Sellers pasipo kumjua.

Wengi wetu tukitaka kuhukumu picha huhesabu. Tunahesabu matusi, mabusu, chupa za pombe na risasi. Jumla ikizidi kiasi fulani picha ni mbaya, ikipungua ni nzuri. Serikali nayo ina hesabu yake. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya mwaka 1962, Bodi ya Uainishaji wa Filamu huzigawa picha katika mafungu manne: za watu wote, za kutazamwa na watoto kwa uangalizi wa wazazi, za waliotimiza miaka 16, na za waliotimiza miaka 18. Sina ugomvi na mafungu hayo. Ni kama karatasi iliyobandikwa katika chupa ya dawa: humwambia mama dawa ile isimfikie nani. Lakini karatasi ile haiwezi kukuambia kama dawa yenyewe yaponya.

Tena Bodi ina uwezo wa kukataza kabisa. Mwaka 2014 ilikataza The Wolf of Wall Street ya Marekani. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 ikaikataza Rafiki, picha ya Wanuri Kahiu juu ya wasichana wawili wapendanao, na mwezi wa Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe siku 7 tu, ikaonyeshwa katika majumba machache ya miji mikubwa. Yale yaliyomo katika Rafiki sitayajadili hapa. Nakuomba tu uangalie ni watu wangapi wa Chuka, Embu au Nkubu walioweza kuwamo katika majumba hayo katika siku hizo 7, kisha uangalie ni watu wangapi waliokuwa na hukumu kamili juu ya picha hiyo. Shahidi ambaye hakuwako hasikilizwi hata katika baraza la chifu.

Tujaribu sasa kipimo cha kuhesabu juu ya picha mbili za Kenya.

Ya kwanza ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoelekezwa na David "Tosh" Gitonga. Kijana Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza kanda za sinema kijijini kwake kwa kuwaigizia wateja vituko vilivyomo ndani yake. Ana tamaa moja tu, kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi, siku ile ile ya kufika ananyang'anywa kila kitu, anatiwa rumande, anasafishishwa choo cha mahabusu kilichofurika. Humo humo anampata rafiki, Oti, ambaye ni mkuu wa kundi la wezi. Tangu hapo Mwas anaishi maisha mawili: mchana anajifunza mchezo wa jukwaani, usiku anaiba. Si picha ya watoto wadogo. Ukiihesabu, vidole vitakwisha kabla hujafika nusu, kwa matusi, makahaba na damu.

Lakini uliza swali jingine: je, picha hii inatutaka tumpende nani, na tumwogope nani? Hapo utaona kwamba haiusifu wizi hata kidogo. Inatuonyesha jinsi mlango mmoja unavyofungwa, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka ule wa nne, ulio mbaya, ukaonekana kama ndio pekee uliopo. Polisi waliowekwa kumzuia mwizi wanagawana naye, na siku asipofaa wanamwua. Mhubiri angeweza kuiita hadithi ya mwana mpotevu isiyofika katika sura ya kurudi nyumbani. Kosa lake naliona kwingine: wanawake wamepewa nafasi ndogo mno, hata Amina, ambaye angalikuwa na mengi ya kutuambia, anabaki kuwa kioo cha kumtazamia Mwas. Hilo ni kosa la kweli katika usanii, na la kweli vilevile katika maadili. Lakini kipimo cha kuhesabu hakikuliona, kwa kuwa halikuwa katika orodha yake.

Picha ya pili ni The Letter ya mwaka 2019, ya Maia Lekow na Christopher King. Hii si mchezo wa kuigiza; ni watu halisi wa Kilifi. Kijana mmoja aliyekaa Mombasa anapata habari kwamba bibi yake kijijini ameitwa mchawi, naye anarudi kutafuta nani amesema na kwa nini. Kidogo kidogo inatokea kwamba chini ya habari za uchawi kuna habari za ardhi, na kwamba baadhi ya jamaa wanaomshitaki mwanamke huyo ni watu wa sala. Ihesabu picha hii: hutapata chochote cha kuficha uso. Ingeweza kuonyeshwa Jumapili baada ya ibada. Na kama ingeonyeshwa katika kanisa lolote la Imenti au la Mbeere, mahali ambapo shamba la babu limekatwa vipande mpaka vimekuwa kama leso, nadhani kungekuwa na watu ambao wangesogeasogea katika viti vyao kuliko walivyofanya kwa matusi yote ya Nairobi Half Life. Kipimo cha kuhesabu kingeipa cheti safi na kuiacha iende zake, bila kujua kwamba sisi ndio tuliokuwa kizimbani.

Sasa nije kwa picha ambayo karibu kila mmoja wenu ameiona, na ambayo Mkristo hafikirii kamwe kuihukumu. Ni ile iitwayo Yesu, iliyotengenezwa mwaka 1979 katika nchi ya Israeli kwa kufuata Injili ya Luka, mwigizaji Mwingereza Brian Deacon akiwa ndiye Yesu. Imetiwa maneno ya lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, na kwa miaka mingi imeonyeshwa usiku katika viwanja vya shule na masoko, mashine ikinguruma, watu wakikaa majanini. Faida yake ni kubwa. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuuona mwendo mzima wa Injili kwa muda wa saa mbili. Hasara yake ni kwamba uso wa mtu mmoja wa Uingereza umetia nanga katika mawazo yetu, hata mtoto wa Tharaka akiambiwa amchore Yesu, humchora Deacon. Watengenezaji waliogopa kuongeza neno, na hofu hiyo ni ya heshima; lakini kwa sababu hiyo picha haimshtui mtu yeyote anayeijua hadithi. Tunaitazama kama tunavyotazama picha ya arusi ya wazazi wetu.

Katika picha hiyo Yesu anasimulia mfano wa Msamaria mwema. Tunausikiliza, tunatikisa kichwa, tunakubali. Twaweza kukubali upesi hivyo kwa kuwa hapana mtu katika Meru nzima aliyepata kugombana na Msamaria. Kwetu sisi neno hilo limekwisha kuwa sifa. Kwa wale waliosikia mfano huo mara ya kwanza, lilikuwa jina la watu waliodharauliwa na kuchukiwa, na Luka anaonyesha kwamba yule mwanasheria, alipoulizwa mwishoni ni nani aliyekuwa jirani, hakulitaja jina la kabila hilo. Alizunguka kwa maneno mengine. Picha ya Yesu inautunza mfano ule kwa uaminifu, lakini mwiba wake umekwisha kung'oka kabla haujatufikia.

Mwiba huo niliukuta katika picha fupi ya dakika 22 iitwayo Watu Wote. Ilitengenezwa na wanafunzi wa chuo cha sinema cha Hamburg, Ujerumani, ikielekezwa na Katja Benrath, ikatolewa mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa picha fupi zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Imesimama juu ya jambo lililotokea. Tarehe 22 Novemba 2014 wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao bara kwa likizo. Tarehe 21 Desemba 2015 walisimamisha basi jingine, lililokuwa likienda Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kujitenga. Wanawake waliwafunika Wakristo kwa mitandio yao, na abiria wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote pamoja au wawaache wote. Watu 2 waliuawa siku ile, wengine wakaokoka.

Picha yamfuata mwanamke mmoja Mkristo, Jua, aliyefiwa na mume na mtoto kwa mikono ya magaidi. Anapanda basi lile akiwa amezungukwa na watu wa dini asiyoiamini tena kuwa ina wema wowote. Kwa nusu ya kwanza hakuna kinachotokea ila safari: vumbi, joto, watu wamesongamana, na uso wa Jua umefungwa kama mlango. Hapa ndipo penye nguvu ya picha hii. Kamera inakaa karibu naye, nasi tunawaona abiria wengine kwa macho yake. Ndevu, kanzu, mtandio, kila kimoja kinakuwa tishio. Tunafanywa washiriki wa chuki yake kabla hatujaambiwa kwamba ni chuki. Kisha risasi zinalia, na mikono ile ile tuliyoiogopa ndiyo inayomfunika. Hakuna mahubiri. Mwalimu mmoja anasimama na kuwapinga wenye bunduki kwa maneno ya dini yao, naye anapigwa risasi.

Nina neno moja la kuilaumu picha hii, nalo si dogo. Waandishi walimpa Jua msiba mkubwa, kana kwamba waliogopa hatutamvumilia mwenye chuki ila awe mjane aliyepotewa na mtoto. Hivyo chuki yake imekuwa na sababu, na mtazamaji ameachiwa nafasi ya kutoroka: mimi si Jua, mimi sikufiwa. Ukweli ni mchungu zaidi. Wengi wetu tunaomwogopa Msomali au Mborana hatujatendewa baya na hata mmoja wao. Tumeirithi hofu hiyo kama tulivyorithi majina. Ningependa kuiona picha ambayo Jua hakufiwa na mtu, amesikia habari tu, kama wewe na mimi.

Wala si jambo la mbali. Kutoka mji wa Meru hadi Isiolo ni kilomita 50 hivi, na katika gari la kwenda huko Mmethodisti wa Kaaga hukaa bega kwa bega na Mwislamu. Miraa ya Igembe na Tigania, ambayo imesomesha watoto wengi, kwa miaka mingi imenunuliwa kwa wingi na Wasomali. Somalia ilipoufunga mlango mwaka 2020, mpaka ilipoufungua tena mwaka 2022, wakulima wengi wa Nyambene walilia. Vilevile, baada ya mauaji ya 2014, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi katika shule za kaskazini, wala siwalaumu. Tunafanya biashara na watu hawa, tunasafiri nao, tunawafundishia watoto wao, na bado yawezekana mtu akakaa miaka 20 kanisani asisikie hata mara moja mfano wa Luka ukisimuliwa kwa jina lao.

Basi ukipata nafasi ya kuonyesha picha katika chama cha Wakristo cha shule yako, mwombe mwalimu muonyeshe sehemu ile ya mfano katika Yesu, kisha, bila kusema neno, muonyeshe Watu Wote. Zote mbili hazitachukua kipindi kizima. Halafu msianze kwa kuuliza kama picha ni nzuri au mbaya. Ulizeni ni wakati gani katika safari ile kila mmoja alianza kuwaogopa abiria, na ni kitu gani hasa alichokiona kilichomtia hofu. Wako watakaosema hawakuogopa. Rudisheni picha mwanzo, muitazame tena polepole.

Mwalimu aliyesimama katika basi halisi aliitwa Salah Farah. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu wa shule. Alifariki hospitalini Nairobi mwezi wa Januari 2016, kwa jeraha la risasi alilolipata siku ile.